Kwa na Katika

Baba ni fundi mwashi wa Pongwe.
Nilijifunza kuhesabu kwa makarai yake:
moja la saruji kwa matatu ya mchanga,
na vumbi la kiwanda juu ya kope zetu.
Hakuna aliyeuliza jumla.
Jumla ilikuwa ukuta.

Basi siku ile maabara,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
umeme umekatika, feni imenuna,
nikasoma karatasi iliyobandikwa juu ya sinki:
moja, nukta mbili, mbili.
Nikatia seramu sehemu moja,
maji ya chumvi sehemu mbili.
Mkono haukusita. Mkono ulikuwa wa baba.

Mrija wa kwanza nikaupunguzia wa pili,
wa pili nikaupunguzia wa tatu,
hivyo hivyo hadi wa sita,
kama umbea unaopita nyumba kwa nyumba
ukichuja ladha kila kizingiti.

Damu ilikuwa ya Mwanahamisi Semkiwa,
mimba ya miezi saba, sindano za kaswende zimekwisha.
Mara ya kwanza kadi yake ilisema thelathini na mbili.
Leo niliandika nane.
"Imeshuka?" akauliza.
Imeshuka, nikasema.
Akafunga kanga upya, akatoka akinishukuru.
Akanishukuru!

Mama Shelukindo alikuja kuosha mikono,
akaitazama raki yangu kuliko alivyoitazama sabuni.
"Maji umetia ngapi?"
"Mbili."
"Na seramu?"
"Moja."
"Humo mrijani sasa mna ngapi?"
Nikahesabu, na kabla sijafika mwisho
masikio yamekwisha kupata moto.
Tatu.
"Mimi nilitaka moja katika mbili.
Wewe umenipa moja kwa mbili."

Hakusema zaidi. Alikwenda kujifuta.

Kwa humsimamisha mtu mlangoni
atazamane na wageni wake, yeye huku, wao kule.
Katika humwingiza ndani,
akahesabiwa pamoja na waliokaa.
Uwiano hutaja nani kakutana na nani.
Kuzimua huuliza: baada ya kukutana,
yule wa kwanza kabaki kiasi gani
ndani ya wote?
Na nukta mbili zile, moja juu ya mwenziwe,
zimekaa kimya kwenye karatasi,
hazimtetei yeyote.

Laiti kosa lingekaa mrija mmoja.
Theluthi ya theluthi ya theluthi:
ule wa tatu niliouita nane
ulikuwa ishirini na saba.
Makosa mengine hujumlika. Hili lilizaa.

Nikarudia. Seramu moja, maji moja.
Nusu, robo, thumuni, nikishusha pumzi kila hatua.
Thelathini na mbili.
Ileile. Haijasogea hata kidole.

Nilimkuta kwenye kona, kwa muuza machungwa ya Muheza,
mimi na koti jeupe jua kali, watu wakitazama.
Dada, nimekosea hesabu.
Hakunitukana; ningeshukuru angenitukana.
Alizungusha chungwa mkononi, ganda likining'inia,
halafu akasema, kama anamwambia chungwa:
"Mwenzangu hakuchomwa.
Alisema ugonjwa ni wangu."

Mmoja katika wawili, nikawaza.
Mdomoni yalitoka mengine:
njoo naye Jumatatu,
waambie mapokezi mnamtaka Mama Shelukindo.

Jumapili nikapanda kwenda Pongwe.
Baba alikuwa anageuza rundo, mgongo umelowa.
"Baba, hapo saruji ni moja katika ngapi?"
"Kwa tatu. Umesahau?"
"Sikuuliza kwa. Nimeuliza katika."
Akaegemea koleo.
Akalitazama rundo muda mrefu,
fundi wa miaka thelathini na minane,
na midomo yake ikawa inatembea.
"Nne," akasema mwishowe,
kama mtu aliyekumbushwa deni,
akachota maji, akaendelea kugeuza.